Boeing 737 MAX: nimeipanda mara nne, haya ndo maoni yangu kama fundi (nyota 3 kati ya 5)

Naona kila siku watu wanaulizana hii ndege ni salama au sio salama, wengine wanaitukana tu, wengine wanaitetea kama timu ya mpira, basi na mimi ngoja nitoe yangu. Mi ni fundi wa magari, sio wa ndege, nalisema mapema. Ila tangu ajali yake ya pili, Machi 2019, nimeifuatilia hii mashine kuliko kitu kingine chochote, ripoti za uchunguzi nimezisoma moja moja, na nimeipanda mara nne kwenda na kurudi nikafika salama safari zote.

Nianze na yale mazuri maana yapo. Ndani ni kimya kuliko zile 737 za zamani, hasa ukikaa mbele ya mabawa, mnaongea na jirani yako bila kupaza sauti. Sehemu za mizigo juu ya vichwa ni kubwa, taa hazichomi macho. Mafuta inakula kidogo, Boeing wenyewe wanasema kama asilimia 14 chini ya ile iliyoitangulia, na ndo maana mashirika mengi wanaipenda. Nafasi ya miguu hiyo usiilaumu ndege, ni shirika ndo linaamua viti vibanwe kiasi gani. Kama usafiri ungekuwa unapimwa kwa starehe ningeipa nyota 4 nikaenda kulala.

Sasa tuje kwenye bodi na injini, hapa nitakaa sana mnisamehe.

737 ya kwanza kabisa iliruka 1967. Wakati ule waliijenga fupi, tumbo karibu na ardhi, ili hata kiwanja kisicho na ngazi wala mashine za kupandishia mizigo kiweze kuihudumia, na injini za siku hizo zilikuwa nyembamba kama bomba zinakaa chini ya bawa bila shida. Wazo zuri kabisa kwa wakati wake. Shida ikaja miaka zaidi ya 40 baadaye, Airbus walipotangaza A320neo Desemba 2010 na injini mpya kubwa zinazokula mafuta kidogo, na wateja wakaanza kuhama. Boeing walikuwa na njia mbili, wabuni ndege mpya kuanzia karatasi nyeupe, au wachukue bodi ileile ya zamani wafunge injini mpya. Wakachagua ya pili, Agosti 2011 wakatangaza MAX.

Fundi yeyote anaijua hii kazi. Mteja anakuletea pikapu ya zamani anataka injini ya lori. Inawezekana, ila injini haiingii pale ilipokuwa ya kwanza, itabidi uisogeze, na ukiisogeza uzito unahama na gari linabadilika tabia barabarani. MAX ni hivohivo. Injini mpya feni yake ni kama sentimita 176, haitoshi kati ya bawa na lami, ikabidi waisogeze mbele na kuipandisha juu. Matokeo yake ndege ikiinua pua sana katika hali fulani, zile nyumba za injini nazo zinasaidia kuinyanyua zaidi, usukani unakuwa mwepesi mahali ambapo sheria inataka uzidi kuwa mzito. Hilo lenyewe sio dhambi. Linarekebishika.

Walivyolirekebisha ndo kuna kilio. Waliweka programu inaitwa MCAS, kazi yake ikiona pua imepanda mno inazungusha lile bawa dogo la mkiani ili kuishusha. Na ili ijue pua imepanda inategemea sensa moja ya kupima pembe ambayo ndege inaukata upepo. Ndege ina sensa mbili, moja kila upande wa pua, lakini programu ilikuwa inasikiliza moja tu kwa safari! Hata mizani ya dukani tukiitilia shaka tunapima mara mbili. Na mwanzoni kwenye michoro programu ilikuwa na nguvu ndogo, kusogeza mkia nyuzi 0.6 kwa mara moja, baadaye wakaipandisha hadi nyuzi 2.5, na rubani akiikatisha inatulia sekunde 5 halafu inaanza upya, tena na tena, haichoki.

Na marubani hawakuambiwa. Hili ndo linaniuma kuliko yote. Jina la MCAS halikuwemo kwenye kitabu cha marubani, maana ukiliweka utaulizwa mafunzo, na mafunzo ya simuleta ni gharama kwa mteja, na MAX iliuzwa kwa ahadi kwamba ukiijua 737 ya zamani hii unaiendesha baada ya somo fupi tu la kwenye kompyuta.

Oktoba 29, 2018, ndege ya Lion Air ikaanguka bahari ya Java, watu 189. Ilikuwa na miezi kama mitatu tu tangu itoke kiwandani. Sensa yake ilikuwa spea iliyokwisha kutumika, imetengenezwa na karakana moja Marekani ikafungwa ikiwa inasoma vibaya kwa nyuzi 21, na kwa mujibu wa wachunguzi haikupimwa vizuri baada ya kufungwa. Jana yake ndege hiyohiyo ilifanya vituko vilevile, bahati nzuri kulikuwa na rubani wa tatu amekaa kwenye kiti cha ziada, ikazimwa ile mota ya umeme inayozungusha bawa dogo la mkia, wakafika. Kesho yake hakukuwa na mtu wa tatu. Kapteni alipigana na programu asiyoijua zaidi ya mara 20, anainua, inashusha, anainua, inashusha.

Kuna taa ya kuonya kwamba sensa mbili hazikubaliani. Ilitakiwa iwe ya kawaida kwenye kila MAX. Kwenye nyingi ilikuwa haifanyi kazi kabisa kwasababu kwenye programu iliunganishwa na kipimo kingine ambacho mteja anakilipia zaidi. Boeing waligundua hilo 2017 na wakapanga kulirekebisha baadaye taratibu.

Halafu sikilizeni hili. Baada ya Lion Air, FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, walipiga hesabu zao za ndani Desemba 2018 wakaona kama hakitabadilishwa kitu, hizi ndege zinaweza kuanguka hadi mara 15 katika maisha yake yote. Hesabu wanazo mezani. Ndege zikaachwa ziruke wakati programu inarekebishwa.

Machi 10, 2019, Ethiopian Airlines namba 302, imetoka Addis Ababa inakwenda Nairobi, dakika sita tu, ikaingia ardhini karibu na Bishoftu. Watu 157, Wakenya peke yao 32. Ndege ina miezi minne. Marubani safari hii walikuwa wameshapewa maelekezo baada ya ile ya kwanza, wakazima mota ya mkia kama walivyoelekezwa, lakini ndege ilikuwa na kasi kubwa mno na lile gurudumu la kusogeza bawa la mkia kwa mkono likawa zito haliendi, wakawasha tena umeme wa mota, na programu ikarudi kazini. Nimesoma hiyo sehemu ya ripoti mara nyingi na kila mara naifunga kwanza nakaa nje kidogo. Walifanya walichoambiwa jamani.

Jumla 346. Na namba hii mi nilishaikuta mahali pengine, ndo maana nikaanza kusoma historia. Machi 3, 1974, DC-10 ya shirika la Uturuki ilianguka msituni Ermenonville nje ya Paris, wakafa watu 346, kamili. Mlango wa mizigo ulifunguka angani, hewa ikatoka chini, sakafu ya abiria ikabonyea na nyaya za kuongozea zilipita hukohuko chini ya sakafu. Ila miaka miwili nyuma, Juni 1972, DC-10 nyingine ilipata jambo hilohilo juu ya Windsor kule Kanada na rubani akaitua kwa ufundi wa ajabu, watu 67 wote wakapona. Badala ya serikali kutoa amri ya lazima, mkubwa wa FAA na kampuni iliyotengeneza ndege wakakubaliana kwa mdomo kwamba watarekebisha wenyewe. Injinia mmoja wa kampuni iliyotengeneza bodi, Dan Applegate, aliwaandikia wakubwa zake wiki mbili tu baada ya tukio la Windsor kwamba milango hii itafunguka tena na ndege itapotea. Barua ikabaki kabatini. Na ile ndege ya Uturuki kwenye makaratasi ya kiwandani iliandikwa kwamba mlango umeshaimarishwa, kazi imekamilika, wakati haukuguswa.

Kwahiyo mtu anapokwambia MAX ni bahati mbaya ya programu muulize kuhusu 1972.

Tena programu imeshatengenezwa na kwa haki lazima niseme. Ndege zilifungiwa chini miezi 20, FAA wakaziruhusu Novemba 18, 2020. Sasa MCAS inasikiliza sensa zote mbili, zisipokubaliana inakaa kimya, inafanya kazi mara moja tu na sio kurudia rudia, na haiwezi kuzidi nguvu ya rubani kwenye usukani. Taa ya onyo ipo kwa wote bila kulipia. Nyaya za mkiani zilizokuwa zimebanana wakazitenganisha. Na kila rubani lazima apite simuleta. Mi kama fundi nakubali, hiyo kazi imefanywa vizuri, na kama shida ingekuwa MCAS peke yake hapa ningeongeza nyota.

Lakini Januari 5, 2024 ikaja ile ya Alaska Airlines. MAX 9, imetoka Portland, inapanda imefika karibu futi 15,000, kipande cha ukuta ubavuni kikang'oka kikaenda. Pale ni mahali pa mlango wa dharura ambao shirika lenye viti vichache halihitaji, kwahiyo wanaweka kiziba, ndani unaona dirisha la kawaida tu hujui kama ni kiziba. Ndani walikuwa watu 177. Viti viwili vya jirani kabisa na lile shimo, 26A na 26B, havikuwa na watu. Vingekuwa na watu sijui ingekuwaje. Hakufa mtu.

Jinsi kile kiziba kinavyokaa ni rahisi, kina mabega 12 ambayo upepo wa ndani unayasukuma yakabane kwenye fremu, na hakiwezi kutoka mpaka kwanza kiteleze kwenda juu, na kinachokizuia kuteleza ni bolti 4. Nne tu, na zinatosha kabisa kama zipo. NTSB, wale wachunguzi wa ajali wa Marekani, walikuta hazikuwepo. Bodi ilikuja kutoka kwa Spirit AeroSystems kule Wichita ikiwa na ribiti mbovu karibu na hapo, pale kiwanda cha Boeing kule Renton wakakifungua kiziba ili ribiti zirekebishwe, wakakirudisha, bolti hazikurudi. Na hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa kwamba kimefunguliwa, kwahiyo hakuna aliyejua anatakiwa akikague. Ndege ikakabidhiwa kwa mteja mwisho wa Oktoba 2023 ikabeba watu zaidi ya miezi miwili huku kiziba kinapanda juu kidogo kidogo kila safari.

Vijana ninaowafundisha kazi, siku ya kwanza kabisa kabla hawajashika spana nawapa kopo. Ukifungua kitu bolti zinaingia kwenye kopo, ukimaliza kopo linatakiwa liwe tupu, likibaki na kitu gari halitoki. Na unaandika kwenye daftari ulichofungua, hata kama ni kifuniko cha plastiki, kwasababu kesho utaumwa atakuja mwingine. Hii ni karakana ya magari ambayo gari likizima linasimama pembeni. Sasa kiwanda cha ndege kinakosaje kopo? Kinakosaje daftari? 1974 waliandika kazi ambayo haikufanyika, 2023 wakafanya kazi ambayo haikuandikwa.

Na hata kwenye hiyo ya Alaska kuna "hawakuambiwa" nyingine. Kiziba kilipotoka mlango wa chumba cha marubani ulifunguka wenyewe kwa kishindo, rubani msaidizi akapigwa na upepo hadi akapoteza hedifoni, orodha ya dharura ikapeperuka. Kumbe mlango umebuniwa ufunguke hivo hewa ikitoka ghafla. Ni sahihi kabisa kiufundi, ni funzo la ile sakafu ya DC-10, usiiache hewa ibane upande mmoja. Ila hakuna aliyewaambia marubani wala wahudumu, haikuwa kwenye kitabu chao.

Ya moshi pia. Injini za MAX zina kifaa cha kuilinda injini ikigongwa na ndege wa angani, feni ikiharibika kinaachia ili isitikisike ikavunja bawa. Kikiachia mafuta ya kulainishia yanaweza kumwagika kwenye njia ya hewa ya moto na moshi ukaingia kwa marubani au kwa abiria, inategemea ni injini ya upande gani. Ilitokea mara mbili 2023, Havana na New Orleans, ile ya New Orleans moshi ulijaa kwa marubani. Juni 2025 NTSB wakatoa tahadhari, na moja ya vitu walivyotaka ni kuhakikisha marubani wanafahamishwa vizuri. Umeona? Mwaka 2025 bado tunaomba marubani waambiwe kilichomo ndani ya ndege wanayoiendesha.

Kuna wanaosema basi tuhamie Airbus yaishe. Airbus nao ni vyuma na watu. 2012 waligundua nyufa kwenye vishikizo vya ndani ya mabawa ya A380, zikakaguliwa zote. Novemba 2025 wakasema kama ndege 6,000 za familia ya A320 zinahitaji kurekebishwa programu, baada ya moja kushuka ghafla angani Oktoba 30 na watu kuumia, walihisi mionzi mikali ya jua inaweza kuharibu data za kompyuta ya uongozaji. Safari zikaahirishwa dunia nzima, watu wakalala viwanjani. Wengi walikasirika, mi nilifurahi kusema kweli, maana hakuna aliyekufa bado na tayari wameshasema hadharani, rekebisheni kabla hamjaruka. Zile siku mbili tatu za usumbufu ndo zilikosekana kati ya Oktoba 2018 na Machi 2019.

Na bodi za siku hizi kwa ujumla ni nzuri mno kuliko watu wanavyodhani. Angalia Haneda Januari 2, 2024, A350 ya Japan Airlines imegongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani kwenye njia ya kutua, ikawaka moto, bodi yake sio chuma ni nyuzi za kaboni watu walikuwa hawajui ikiungua itakuwaje. Ilishikilia muda wa kutosha watu wote 379 kutoka, na walitoka bila mabegi yao. Kwenye ile ndege ndogo walikufa watano.

Sasa nyota. Mashine yenyewe kama ilivyo leo ni 4. Kiwanda kinachoitengeneza naona kinajikongoja, FAA baada ya Alaska waliwawekea ukomo wa ndege 38 kwa mwezi wasikimbize kazi na huo ulikuwa uamuzi mzuri. Nakata moja kwa zile bolti na daftari. Ningekata zaidi kwa ajili ya wale 346 ila hapo nyota hazitoshi, hata ningeipa sifuri.

Vitu ninavyofanya mwenyewe nikipanda. Nasoma ile kadi ya mfuko wa kiti, mara nyingi haiandiki MAX inaandika 737-8 au 737-9, ni hizohizo. Mkanda siufungui mpaka tumesimama, hata taa ikizimwa naulegeza tu kidogo, wale wa Alaska waliokaa jirani na shimo mkanda ndo uliwabakiza. Nahesabu viti hadi mlango wa karibu mbele na nyuma, ili kukiwa na moshi niende kwa kupapasa. Viatu sivui wakati wa kuruka na kutua. Simu na kitambulisho viko mwilini, begi likibaki libaki.

Mdogo wangu wa kike wiki iliyopita alinipigia anataka kukata tiketi, nafuu ni ya MAX, ile nyingine imezidi bei, akaniuliza kaka nikate? Nilinyamaza kidogo. Nikamwambia kata, marubani wa sasa wanaijua hiyo programu na wameshaipiga kwenye simuleta. Akauliza na mlango je. Nikamwambia MAX 8 za mashirika mengi hazina kile kiziba kabisa, ila mkanda usifungue. Akakata. Alivyopanda nilikaa na simu mkononi naifuatilia ile ndege kwenye ramani mpaka ikatua.